Soseji za Presha na Kikohozi cha Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Agosti 1993. Korogwe.

Leo nimeanza biashara. Naandika tarehe ili wajukuu wajue siku utajiri ulipoingia katika ukoo wa Awadhi. Shamba la mkonge limetupunguza kazini, na mimi, karani mzima, nimekuwa nikikaa nyumbani kufukuza kuku wa mke wangu Munira wasiingie jikoni. Lakini siku hizi kila kitu ruksa. Maduka ya Korogwe yamejaa vitu tulivyokuwa tukivisikia redioni tu. Wiki iliyopita nimeona soseji za kopo. Kopo lina picha ya ng'ombe na muhuri wa halali kwa Kiarabu. Ustadhi ameusoma muhuri, ameridhika. Maneno mengine ya kopo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Kasoro ni moja. Zina chumvi kali. Nilikula moja nikaumaliza mtungi. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Mji huu umejaa watu wa presha. Kila nyumba ina mzee aliyekatazwa chumvi hospitali, anakula mchicha wake kwa hasira huku wenzake wakila vinono. Nikiitoa chumvi kwenye soseji, wazee wote hao ni wangu. Namna ya kuitoa: namwaga maji ya kopo, nazitoboa kwa uma, nazichemsha kwa maji safi, nazitoa, nazichemsha tena kwa maji mengine. Nimejaribu. Zinatoka zimepauka, hazina ladha yoyote. Yaani dawa kamili.

Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: SOSEJI. ZINASHUSHA PRESHA. CHUMVI KIDOGO. Nimekitundika juu ya banda langu stendi. Grasiana, yule mama anayeuza supu ya utumbo banda la pili, alisimama akakisoma, akauliza nani amezipima. Wivu tu.

Jumanne, 3 Agosti.

Hakuna aliyenunua. Dereva mmoja wa lori alionja, akaomba chumvi. Nikamwonyesha kibao. Akasema yeye hana presha, ana njaa. Akahamia kwa Grasiana.

Nimefikiri sana. Ninachokosa ni shahidi. Mtu mwenye presha inayojulikana, ale soseji zangu, apone, watu wamwone. Nilikuwa bado nafikiri nilipofika nyumbani nikakuta kapu la Mnyuzi, kwao Munira, limewekwa barazani. Mama mkwe amekuja! Bibi Chausiku, mama yake Munira, ameshuka kwa treni, ana kliniki ya presha Jumatatu ijayo. Atakaa kwetu. Mungu amemleta shahidi hadi uani.

Taabu iko kwenye desturi. Sisi Wazigua mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawaitani jina. Nikimwona njiani naingia porini, hata kama pori lenyewe ni la upupu. Kwa hiyo nyumbani kwangu sasa naishi kama mwizi. Kabla ya kuingia uani nakohoa. Yeye akiwa nje anakohoa kunijibu, kisha anaingia chumbani, ndipo napita huku natazama miguu yangu. Nimemuoa mwanawe miaka yote hii na sijui ana meno mangapi. Kikohozi chake lakini nakijua. Ni kizito, kina amri ndani yake. Hata leo kilinitia kijasho.

Nimemwambia Munira ampelekee mama soseji asubuhi na jioni. Munira ameguswa. Amesema hakujua kama nampenda mama yake kiasi hicho.

Jumatano, 4 Agosti.

Jambo kubwa. Asubuhi nilikuwa namwaga yale maji ya kuchemshia. Mpagazi mmoja wa stendi akanishika mkono, akauliza kwa nini namwaga supu. Akakinga kikombe, akaonja, akafumba macho. Kweli ilikuwa na harufu ya nyama, na chumvi yote iliyokimbia kwenye soseji ilikuwa imo humo. Nikatia kitunguu, ndimu, pilipili, na yale maji ya kopo pia, maana kuyatupa ni kukufuru. Kufika saa nne sufuria tupu. Wateja wa Grasiana walivuka kuja kwangu na vikombe vyao vikiwa bado na utumbo.

Kwa hiyo nina sufuria mbili chini ya kibao kimoja. Soseji za heshima, na supu ya kuuza. Nilimwona Grasiana akinitazama huku anakoroga, na ule mwiko ulikuwa unapiga ukingo wa sufuria kuliko inavyohitajika.

Ijumaa, 6 Agosti.

Nimewatangazia wateja kwamba mama mkwe wangu ameanza kushuka presha. Sijadanganya. Hajapimwa, lakini kikohozi chake cha leo kilikuwa na nguvu kuliko cha Jumanne, na mgonjwa hakohoi hivyo. Wazee wamenunua. Mzee mmoja wa msikitini alichukua mafungu mawili, akasema hazina utamu kabisa, kwa hiyo lazima zinafanya kazi.

Munira anasema sahani ya mama inarudi tupu kila mara. Nimefurahi. Jambo la kushangaza ni kuku. Nimemkuta yule tembe mweusi anakimbia uani na kitu mdomoni, wenzake wakimfukuza, na kwa mbali kilifanana na soseji. Nimeamua macho yangu yamechoka.

Jumatatu, 9 Agosti.

Nimeharibikiwa.

Mama mkwe amekwenda kliniki. Nesi Bernadina amempima. Presha imepanda! Iko juu kuliko ilivyokuwa akitoka Mnyuzi. Nesi akamuuliza Munira, mama anakula nini. Munira, kwa majivuno kabisa, akasema anakula soseji za mume wangu, zinashusha presha, hata kibao kipo. Nesi akasema angependa kuniona pamoja na sufuria yangu.

Nimeuliza hali ya mgonjwa kupitia kwa Munira. Kichwa kinamuuma, anasikia kizunguzungu. Amepewa vidonge. Na si nesi peke yake ninayemwogopa. Yupo Mhina, kaka yake Munira, mkata mkonge wa Mazinde. Huyo shemeji yangu aliwahi kunisalimia kwa mkono siku ya harusi, na kidole changu cha mwisho hakijanyooka hadi leo. Mama yao akipata jambo, Mhina atataka kujua alikula kwa nani.

Jumanne, 10 Agosti.

Nesi Bernadina amekuja. Nilimpa shikamoo ingawa nimemzidi umri.

Akataka aone ninavyopika. Nikatoboa, nikachemsha, nikabadili maji, nikachemsha tena. Akakata kipande akaonja. Nikajiandaa kwa pingu. Akasema nimefanya vizuri! Akaeleza kwamba kuchemsha hivyo kunapunguza chumvi, ingawa haiishi yote, na mafuta yanabaki palepale, kwa hiyo soseji si chakula cha kila siku hata kidogo. Mgonjwa akitaka, akate moja vipande vyembamba, aikaange na vitunguu na nyanya, atie tangawizi na ndimu badala ya chumvi, ale na mchicha mwingi na ndizi. Na kibao niongeze ukweli: soseji hazishushi presha, ila hizi zinaipandisha kidogo kuliko soseji nyingine. Nikasema naam, naam. Sikuona namna ya kuyauza maneno hayo.

Kisha akauliza yale maji yanakwenda wapi, maana chumvi yote imo humo. Nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria ya supu, nimetanua koti. Nikasema namwaga. Wakati huohuo mpagazi wangu akaja na kikombe, akasema, "Mzee Awadhi, niongeze ile kitu." Nikamwambia duka limefungwa. Akasema lakini inachemka. Nikamkanyaga mguu. Nesi alitutazama wote wawili, akaondoka akisema basi hajui presha ya mama inapandishwa na nini.

Nilijiona nimeokoka. Jioni nikamweleza Munira kwamba serikali imezipitisha soseji zangu. Akaniangalia kwa aibu. Akasema kuna kitu ananificha. Mama hajala soseji hata moja. Anasema zina ladha ya pamba. Amekuwa akiwapa kuku dirishani, ili asimvunje moyo mkwe wake. Nikamuuliza, sasa anaishi kwa nini? Akasema kwa ile supu. Kila asubuhi nikienda kuchota maji bombani, yeye Munira anapita bandani kwangu na chupa ya chai, anaijaza. Asubuhi chupa moja, jioni ile iliyobaki. Mama anaipenda sana. Anaitia mpaka kwenye ugali.

Nikamuuliza nani alimwambia ampe mgonjwa supu ile. Akasema si iko chini ya kibao.

Nililala chini sakafuni kidogo. Nimwambie? Nikimwambia ni chumvi tupu, atamwambia Mhina. Nisipomwambia, mama atakufa, na Mhina atakuja bila kuambiwa. Nimechagua njia ya tatu, ambayo ni ya akili zaidi. Kesho nitaweka sufuria nyingine ya maji ya moto na kitunguu. Munira atachota humo. Hakuna atakayejua.

Jumatano, 11 Agosti.

Munira amechota. Mama mkwe ameonja. Chupa imerudi imejaa, pamoja na ujumbe kwamba mkwe akisikia mzigo wa mgeni umekuwa mzito, aseme tu, asimnyweshe maji ya kuoshea vyombo.

Nimekohoa mlangoni kwa unyenyekevu mkubwa. Akajibu kwa kikohozi kifupi, kikavu. Sijawahi kusikia kikohozi kama hicho. Ni cha hasira, au ni cha mtu anayeondoka duniani? Munira kanuna, hasemi nami. Nimejaribu kuchungulia dirishani, nikakumbuka desturi, nikarudi nyuma nikakanyaga ndoo. Siwezi kumtazama mtu ninayemuua.

Alhamisi, 12 Agosti. Ndani ya basi la Handeni.

Asubuhi nilipotoka msikitini nilikohoa uani kama kawaida. Kimya. Nikakohoa tena. Kimya. Nikakohoa mpaka jirani akaniuliza kama nina kifua kikuu. Ndani hakuna hata mchakacho. Mlango wa chumba chake umefungwa. Munira hayupo, bila shaka kakimbilia kwa ndugu kutoa taarifa. Kuku wamesimama kimya chini ya dirisha, wakisubiri.

Amekufa. Bibi Chausiku amekufa kwa supu yangu! Kuingia siwezi, desturi hainiruhusu. Kuita siwezi, jina lake silitamki. Nililia pale uani, kwa kweli nililia. Ni mtu mwema. Mwanamke aliyewapa kuku chakula chake ili asinivunje moyo. Nikakimbilia stendi bila kujua nafuata nini. Basi la Handeni lilikuwa linaondoka. Nimegundua sasa hivi kwamba mkononi nina mwiko.

Ijumaa, 13 Agosti. Porini, Handeni.

Nimejificha kwa Lemayian, Mmasai mfugaji ninayefahamiana naye tangu mnadani, nilipotaka kuingia biashara ya mbuzi nikauziwa beberu kipofu. Hakuniuliza kitu. Mkewe Nasinkoi alinipa maziwa, akauliza kama huo mwiko ni zawadi yake. Nikampa.

Walichoma nyama ya mbuzi. Haina chumvi hata chembe. Nikauliza chumvi iko wapi. Lemayian akacheka, akanionyesha gunia kule zizini. Akasema, "Chumvi ni ya ng'ombe, rafiki yangu. Mtu analamba ya nini?" Nikamuuliza kama huku kuna wagonjwa wa presha. Akasema presha ni kitu gani. Sikuweza kumweleza. Kila vumbi likitimka barabarani naingia nyuma ya ndama.

Jumapili, 15 Agosti.

Mhina amenipata.

Nilimwona kwa mbali anakuja kwa miguu kutoka barabarani, mabega yale yale. Kwapani amebana kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Kisu cha mkonge, nikajua. Alipofika tu, kabla hata ya salamu, nilipiga magoti vumbini, nikasema yote. Chumvi, maji ya kopo, supu, chupa ya chai, kibao, sufuria ya uongo, nesi niliyemdanganya. Nikamwomba anizike upande ule wa Mnyuzi, karibu na mama, lakini nyuma ya mti, ili tusionane.

Mhina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza mama gani aliyekufa.

Mama yuko Mnyuzi. Alhamisi alfajiri Munira alimsindikiza kwenye treni, kwa sababu mama alichoka kuwa mzigo. Yuko nyumbani anakula mchicha wake na kumeza vidonge vyake, kizunguzungu kimekwisha, jana alikuwa anapalilia. Huzuni yake ni moja tu. Amesikia mkwe wake ametoweka. Amelia, anasema alimjibu vibaya kuhusu ile supu. Grasiana ndiye aliyeniona nikipanda basi la Handeni na mwiko, akamwambia Munira, naye akamkumbuka Lemayian wa beberu kipofu. Basi mama akamchinja yule tembe mweusi ambaye Munira alimpa wakati wa kuagana, aliyenenepa ajabu, akamkaanga, akamfunga, akamtuma Mhina anitafute popote nilipo aniletee, maana mkwe wake huenda ana njaa.

Akafungua gazeti. Alikuwa kuku kweli.

Nilinyoosha mkono. Mhina hakunipa. Alikaa juu ya jiwe mbele yangu akamla kuku yule wote, taratibu, mpaka shingo, bila kuondoa macho usoni kwangu. Kisha akajifuta kwa gazeti akasema sasa twende nyumbani, hayo uliyoniambia ukayarudie mbele ya wazee. Kama ningemsalimia kwanza, ningekuwa nimekula.

Jumatano, 18 Agosti. Mnyuzi.

Kikao cha ukoo. Mimi nje ya uzio, kama desturi inavyotaka, mama mkwe ndani. Maneno yangu yanapitia kwa mzee mmoja anayetoka na kuingia. Mhina amekaa karibu na lango. Nilimsikia Munira akiuliza ndani kama mtu anaweza kurudi kwa mama yake kwa sababu ya supu. Wakati huo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Mhina angenivunja mfupa, mfupa unaungwa. Nyumba bila Munira ina nini? Kuku tu.

Hukumu ikaja. Doti moja ya kanga na mbuzi mnene, kumwondolea mama uchungu. Mbuzi nilikuja naye kutoka kwa Lemayian, nikiwa nimemwachia saa yangu ya mkononi. Wakamchinja. Wazee wakaamua achomwe bila chumvi kabisa, kwa kufuata maneno ya nesi. Wote walikula kwa adabu na nyuso za msiba.

Ndipo ndani kukasikika kikohozi. Kile kizito, chenye amri. Nikajikuta machozi yananitoka kwa furaha. Nikakohoa kujibu. Akakohoa tena. Yule mzee akaingia, akatoka na ujumbe. Mama amepokea kanga, amesamehe yote, na Munira anarudi nyumbani. Ila anauliza, kwa kuwa sasa yameisha, mkwe hakubeba hata kichupa cha ile supu?

Mhina alinitazama. Nikasema sikubeba. Wallahi sikubeba.

Ijumaa, 20 Agosti. Korogwe.

Nimejifunza mengi katika mkasa huu. Kosa lilikuwa soseji. Ni kitu cha kigeni, kopo lenyewe halisomeki. Supu nimeiacha kabisa, nimeapa mbele ya Munira, na nesi amepita akaangalia sufuria.

Kibao nimekigeuza upande wa pili, nimekiandika upya: NYAMA CHOMA YA KIMASAI. HAINA CHUMVI. PRESHA HAWAIJUI. Lemayian ataleta mbuzi kila mnada. Nimeonja ya leo. Ukweli ni kwamba kwa watu wa mjini haipiti, dereva wa lori ameirudisha. Basi nimeisagia kitu kidogo cha kuinyunyizia juu. Ni ile ya gunia la zizini, Lemayian alinifungia furushi. Nesi alikataza chumvi ya watu. Hii ni ya ng'ombe, haihesabiki.

Shahidi nimempata pia. Shangazi yake Munira, ambaye kwa desturi naye ni mkwe wangu, anakuja Jumatatu kutoka Vugiri kwa ajili ya kliniki. Presha yake, nimeambiwa, ni kubwa kuliko ya mama. Nimeanza kufanya mazoezi ya kukohoa.